Hodi Pasipo Mlango

Siku mliyoniaga, Mwanajuma, wewe uliyerithi kiti changu, uliniuliza swali huku mdomo umejaa keki: "Mama Mbithe, hivi mpangaji anafaa kumshtaki mwenye nyumba lini?" Nikakujibu, "Akiona inafaa," watu wakacheka, nawe ukameza keki yako. Lile lilikuwa jibu la mtu anayetaka kwenda nyumbani. Sasa niko nyumbani, hapa hapa mjini Kwale, miguu juu ya kigoda, nimeshachoka kuitazama saa ya ukutani mliyonipa. Nani huyo aliyefikiri kwamba mstaafu anahitaji saa? Basi nitakujibu vizuri, wewe na wenzako wote wa ofisi ya nyumba.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nilikaa ngazi gani. Hayo yako kwenye faili, na hayajawahi kumsaidia mpangaji hata mmoja. Sheria nayo mnayo kabatini, na wengine wenu mnaijua kunishinda. Inaeleza mwenye nyumba asichoweza kufanya bila amri ya baraza la kodi. Isichoeleza ni namna mtu anavyojua kwamba siku yake ya kushtaki imefika. Hilo nilifundishwa na marehemu Bwana Mwakame, mkaguzi mkubwa niliyemkuta pale, Mungu amrehemu, na mazuri mengi mtakayoyasoma humu ni yake.

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa viatu vya visigino virefu, nikitokea Shimba Hills, kwa wazazi wangu, Wakamba waliohamia skimu ya makazi pale wakalima machungwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, tumepakana ukuta na watu wa mifugo, na dawa yao ya kupe ilikuwa inatuingia mpaka kwenye chai. Bwana Mwakame alivitazama viatu vyangu, akanitazama mimi. "Karibu, mwanangu," akasema. "Viatu vimependeza. Kesho usije navyo."

Kazi yenyewe mnaijua. Tunapokea lalamiko, tunakwenda kuona kwa macho, tunajaribu kusuluhisha, na likishindikana tunalipeleka barazani. Mimi siku ile nilidhani kazi ni kukasirika kwa niaba ya watu. Mpangaji wa kwanza aliyeingia alikuwa mhudumu wa hoteli ya Diani, kijana mtanashati, akatusimulia habari za paa linalovuja juu ya kitanda, godoro lililooza, mwenye nyumba asiyejali. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshashika kalamu niandike samansi. Bwana Mwakame akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Sasa hivi walala wapi, bwana mdogo?"

"Nimehamia Tiwi, kwa ndugu yangu."

"Na ufunguo?"

"Nilimrudishia, nikamtupia mbele yake."

"Na habari ya paa ulimwambia lini?"

Kijana akafikiri. "Kumwambia, sikumwambia. Lakini aliona kwamba nimenuna."

Bwana Mwakame hakucheka, ingawa najua alitaka. "Pole sana, bwana mdogo," akasema. "Ungekuja ukiwa bado umelowa."

Neno hilo nililibeba mpaka nikastaafu. Njoo ukiwa bado umelowa. Maana aliyekwisha kukauka, akahama, akarudisha ufunguo, anatuletea hadithi, na mwenye nyumba kwa wakati huo ameshapaka rangi na kuweka mpangaji mwingine. Tukienda tunakuta dari jeupe na mgeni anayeshangaa tunatafuta nini. Mlalamikaji wa kweli bado ana ufunguo mfukoni, na bado ana kitu tunachoweza kukigusa.

Nilikuja kugundua kwamba watu wetu wana namna mbili za kukosea. Sisi tuliotoka bara tunakosea kwa moto. Mtu anakaa na ubovu kimya, siku moja anachemka, anasimamisha kodi akidhani hilo ndilo lalamiko, au anahama kwa kishindo. Akisimamisha kodi amempa mwenye nyumba kisa cha kumshtaki yeye, na hapo tena hatusikilizi habari za paa, tunasikiliza habari za deni. Nimewaona wengi Ukunda, wenye haki yao kabisa, wakaitoa kwa mikono yao wenyewe. Mwambieni kila anayeingia: lipa kwanza, kisha lalamika, tena ukiwa na stakabadhi.

Wenyeji wa pwani nao wanakosea kwa haya. Mtu anapanga chumba katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi chumba cha mbele. Anamwita Baba. Siku ya Idi analetewa sahani ya pilau, mtoto akiugua Baba ndiye anayetafuta gari, na magharibi wote wako baraza moja. Ukuta ukianza kupasuka, ataanzia wapi? Anamsogeza mwanawe upande wa pili wa kitanda, anasema "twavumiliana," mwaka unapita. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii yetu hiyo si methali, ni ripoti ya mkaguzi.

Bwana Mwakame alikuwa na mfuko wa turubai uliobeba vitu vinne: tochi, tepu, timazi, na msumari wa inchi sita. Tochi ilikuwa ya darini, timazi ya kuta zilizolala. Msumari alikuwa anausukuma ukutani kwa kidole gumba. Ukigoma, anasema tuzungumze. Ukiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, anamtoa mpangaji nje kwanza, salamu baadaye. Nyinyi leo mnaletewa picha kwa simu, na zinasaidia, sikatai. Lakini picha ya ufa haikwambii kama msumari unaingia. Nendeni.

Tena mkienda msidhani kila jambo linahitaji ofisi. Kule Samburu ya huku kwetu, kwenye barabara ya malori ya Mombasa, tulimkuta mwenye duka aliyekasirishwa na mbuzi. Mwenye nyumba alikuwa anawalaza mbuzi wake ukumbini mwa wapangaji, na asubuhi mtu anatoka chumbani anawaruka kwenda kufungua duka. Bwana Mwakame akamuuliza swali lake la kila siku: "Umemwambia?"

"Nani, mbuzi?"

"Anza na mwenyewe."

Hakuwa amemwambia. Tukasimama naye akamwambia, mbele yetu, kwa adabu, na yule mzee akastaajabu kweli kweli. Alidhani mbuzi wanawaburudisha wapangaji. Siku ya mnada wakauzwa.

Kwa hiyo kwa mambo mengi mpangaji aseme kwanza, aseme na mwenye nyumba mwenyewe, na awepo mtu wa tatu anayesikia. Akipuuzwa, aje. Lakini yako mambo ambayo hayana kuambiana kwanza. Mwenye nyumba akikukatia maji, akifunga choo, akiezua bati, akikubadilishia kufuli ukiwa kazini, akikung'olea mlango, basi ameshakujibu kabla hujamuuliza. Hapo ni siku hiyo hiyo. Wakitokea wanaosubiri, hawasubiri kwa ujinga, na hapo ndipo ninapotaka kuwaelezeni habari ya Mama Zuhura, maana bila yeye haya yote ni maneno ya mwanamke aliyekaa na saa ya ukutani.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Bwana Mwakame kazini. Akaingia mwanamke wa makamo kutoka Msambweni, buibui limepigwa pasi, mikono ina harufu ya iliki. Alikuwa anapika mahamri na mbaazi kila asubuhi, wafanyakazi wa hospitali wanapita kununua. Mumewe alikuwa amefariki, na alikuwa na binti mmoja, Zuhura, msichana wa sekondari. Akaamkia, akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Sikuja kushtaki," akasema. "Nimekuja kuuliza tu."

Kalamu yangu nikaiweka chini, nikidhani ni mtu wa kupoteza asubuhi. Bwana Mwakame akavuta kiti chake karibu. Baadaye aliniambia kwamba mtu akisema amekuja kuuliza tu, mkaguzi asimame wima, kwa sababu huyo ndiye aliyekwisha kuchelewa kuja.

Akauliza hivi: ikiwa mwenye nyumba ameuchukua mlango wa mpangaji kwenda kuutengeneza kwa fundi, kwa kawaida fundi anakaa nao muda gani?

"Umechukuliwa kwa sababu gani?" Bwana Mwakame akauliza.

"Baba alisema una mchwa."

"Na ulikuwa na mchwa?"

Mama Zuhura akatazama vidole vyake. "Baba alisema una mchwa," akarudia.

Tukamvuta maneno kidogo kidogo. Baba huyu alikuwa Mzee Athumani, mwenye nyumba. Alikuwa amepata mtu kutoka Nairobi anayetaka uwanja mzima ajenge nyumba za wageni. Wapangaji wengine wa uani walikuwa wamehama. Mama Zuhura alisema angehama pia, lakini Zuhura alikuwa anakaribia mtihani na shule iko hapo hapo, akaomba wangoje muhula uishe. Mzee hakukataa. Juma lililofuata akaja na bisibisi, akafungua bawaba, akaondoka na mlango.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda, "huyo anakutoa kwa nguvu! Sema neno moja tu, leo hii nampelekea samansi."

Akanitazama kama niliyemtukania mzazi. "Dada yangu, mume wangu alipofariki sikuwa na sanda. Sanda aliitoa Baba. Jeneza lilitoka msikitini likapitia barazani kwake. Mimi nimshtaki kwa ulimi gani?"

Nilikuwa na sheria nzima kichwani, na hapakuwa na kifungu hata kimoja cha sanda. Bwana Mwakame akamwambia, "Wewe umekuja kutuuliza. Nasi tutakuja kwako kuuliza. Hilo si kushtaki." Mama Zuhura akakubali, akashukuru, akaondoka upesi awahi kukanda unga wake.

Nililalamika njia nzima ya kwenda Msambweni. Nilisema mgeni wa Nairobi hatangoja, masika yanakaribia, Ramadhani iko mlangoni. "Hana mlango hata Ramadhani ikae," akanijibu, akaniacha nibweke. Nilipochoka akanieleza. Samansi tungeweza kuipeleka, lakini bila mlalamikaji hakuna lalamiko. Mzee akiitwa, Mama Zuhura angesema barazani hana neno na Baba, na tungekuwa tumemsaidia mzee kupata karatasi safi. "Kwanza mama huyu asikie sauti yake mwenyewe ikisema," akaniambia. "Hiyo ndiyo inayoumiza kutoka."

Mzee Athumani alitupokea kwa heshima zote. Mlango wake wa mbele ulikuwa wa zamani, umechongwa maua, una komeo la chuma nene kama mkono wangu. Tukakalishwa barazani, ikaja kahawa na kaimati. Wakaulizana hali, afya, jamaa wa Vanga, bei ya nazi, nani amekwenda Haji. Mimi nilikuwa nakula kaimati kwa hasira. Kahawa ikaisha, na Bwana Mwakame hakugusia mlango.

Hatimaye akasema, "Mzee wangu, kwa ruhusa yako, nimsalimu mpangaji wako wa uani."

Mzee hakuweza kumkataza mgeni kutoa salamu. Akainuka nasi. Tukapita kichochoroni mpaka uani, walikokuwa wamekaa wanawake wa nyumba ya pili wakichambua mchicha, na vijana wa jirani wanapakua kuni. Chumba cha Mama Zuhura kilikuwa cha mwisho. Palikuwa na miimo miwili, tundu za misumari ya bawaba, na katikati imening'inizwa leso. Upepo ulipovuma leso iliinuka, ukaona kitanda.

Bwana Mwakame alipanda ngazi ya chumba mpaka hatua ya mwisho. Kisha akageuka, akaipa leso mgongo, akatutazama sisi tulio uani, na akamtazama Mzee Athumani, akaita kwa sauti ya mtu aliye mbali:

"Hodi!"

Wanawake wakaacha mchicha.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu," sauti ya Mama Zuhura ikatoka ndani.

"Siwezi kukaribia, mama. Mniwie radhi, jamaa wa uani, kwa kuwapigia nyinyi hodi. Hapa nyuma yangu hapana mlango, na ndani mna mwanamke na binti yake. Sina pa kutazama."

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi huenda hili haliwatikisi, lakini mimi, mtu wa bara, nywele zilinisimama, kwa sababu nilimwona Mzee Athumani anavyoelewa. Mgeni mwanamume, mtu mzima, amesimama uwanjani kwake na hana mahali pa kuweka macho. Sitara ya wanawake wa uani ni heshima ya mwenye uwanja, na heshima yake ilikuwa inapepea pale mbele ya vijana wa kuni.

"Bwana Mwakame," mzee akasema kwa chini, "mbona wanitia aibu kwangu?"

"Mimi nimepiga hodi tu, Mzee."

Mama Zuhura akatoka, mikono ina unga mpaka viwikoni. Mzee alipomwona akapata nguvu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekwenda kunisema Kwale?"

Mama Zuhura akamtazama Bwana Mwakame amsemee. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bwana Mwakame akasema, bado amepageuzia mgongo mahali pa mlango, "Mimi sina lalamiko, mama. Sikai hapa."

Nilidhani Mama Zuhura atarudi ndani. Kisha akajifuta unga kwenye leso aliyojifunga, akasema:

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, ulimzika mume wangu. Nilisema sitasahau, na sijasahau, na Mungu atakulipa. Ukitaka chumba chako, ni chako, nipe muda wa haki nitahama na nitakuombea dua. Lakini Zuhura ni mtoto wa kike. Nataka mlango wangu, Baba. Nakwambia mbele ya watu hawa. Mlango usiporudi, kesho nitakwenda Kwale kushtaki, na nitakwenda mchana, watu wanione."

Nimewasikia mawakili wengi barazani, wengine wa Mombasa wenye majoho. Sijasikia tena lalamiko lililokamilika kama lile. Lilikuwa na shukrani, ombi, sababu, mashahidi na muda. Nilimwonea fahari kama niliyemzaa, na alikuwa mkubwa kwangu.

Mzee Athumani akageuka, akapita kichochoroni, na tukasikia ule mlango wake wa maua ukifungwa, na komeo likianguka. Nikamwambia Bwana Mwakame, "Umeona? Tumeharibu." Akatazama jua, akasema alasiri imeingia, anakwenda kuswali, nami niingie ndani nikapime, kwa kuwa yeye hawezi kuingia na mimi naweza.

Nikapima. Urefu, upana, mahali pa bawaba, kama nilivyofundishwa. Zuhura alikuwa amekaa sakafuni na vitabu vyake, ameegemea pindo la leso ili upepo usiifungue. Chini ya miimo palikuwa na mkeka umekunjwa.

"Huu mkeka wa nini?" nikauliza.

"Nalala hapo," Mama Zuhura akasema. "Hapo hapo kizingitini. Anayetaka kuingia lazima anikanyage kwanza." Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka umhurumie. "Siku hizi mlango ni mimi, dada."

Tepu ilinitoka mkononi. Nikainama kuiokota, nikakaa nimeinama muda mrefu kuliko tepu ilivyohitaji, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka msichana anione. Mikono ile ilikuwa inaamka kabla ya alfajiri kukanda unga, baada ya kulinda kizingiti.

Watu wakatoka msikitini. Nikasikia kelele za njiani zinapungua, kama zinavyopungua jeneza likipita, nikachungulia kichochoroni. Alikuwa Mzee Athumani. Komeo lile alilifunga kumbe anatokea mlango wa upande. Amekwenda kwa fundi seremala, na sasa anarudi na mlango, ameubeba kichwani yeye mwenyewe, kofia imebonyea, kanzu imejaa vumbi la msumeno. Fundi alikuwa nyuma yake akimwomba ampokee, na mzee akikataa. Wanaume waliotoka kuswali walimpisha njia pande mbili. Wengine walitaka kumsaidia, akawaambia, "Niacheni. Nimeutoa mimi."

Akaushusha uani, akahema. Akaupigapiga mlango ule kwa kiganja, akamwambia Mama Zuhura bila kumtazama, "Mwanangu, mlango huu hauna mchwa hata mmoja."

"Najua, Baba," akasema.

Nami nasema hivi, pamoja na yote: nimewaona wenye nyumba wakishindwa barazani wakatuma kijana na mkokoteni. Yule alipita na kosa lake kichwani katikati ya Msambweni, saa ambayo kila mtu yuko njiani. Tangu siku ile namheshimu, ingawa sikumpenda.

Fundi akafunga bawaba, akajaribu, akafunga tena. Mama Zuhura na binti yake wakaingia ndani, mlango ukafungwa, tukasikia komeo dogo likisukumwa. Ndipo Bwana Mwakame, aliyekuwa amerudi na kukaa kando, akanyanyuka, akapanda ile ngazi, na safari hii akautazama mlango. Akagonga kwa vifundo vya vidole.

"Hodi."

Sauti ya Zuhura ikauliza, kali kidogo, kama mwalimu:

"Nani?"

Bwana Mwakame akacheka mpaka akashika ukuta. Uani kote wakacheka, hata mzee. Lakini alipogeuka kunitazama macho yalikuwa yana maji, akaniambia taratibu, "Umemsikia? Bila mlango hakuweza kuuliza."

Sitaki mdhani Mama Zuhura alikaa pale milele. Mzee alimwandikia notisi ya haki, muhula ukaisha, Zuhura akafanya mtihani wake, wakahamia chumba upande wa hospitali, karibu zaidi na wateja wa mahamri. Nilikwenda siku ya kuhama. Vitu vilitoka mchana kupitia mlangoni, na Mzee Athumani alishika upande mmoja wa kitanda. Niliposikitika kwamba baada ya yote amehamishwa, Bwana Mwakame aliniambia kazi yetu si kumzuia mtu asihame. Kazi yetu ni ahame kwa mlango.

Sasa jibu lako, Mwanajuma. Mpangaji ashtaki angali amelowa, angali na ufunguo, kodi yake ikiwa imelipwa, baada ya kusema kwa adabu na kusikiwa na mtu wa tatu. Akiguswa sitara yake, asingoje hata siku ya pili, hata kama anayemgusa ndiye aliyemzikia mumewe. Shukrani ilipwe kwa shukrani. Mlango ni deni jingine. Na yule atakayekwambia amekuja kuuliza tu, vuta kiti.

Nimeyaandika haya leo kwa sababu ya jambo dogo la jana. Mnajua nilijenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu, nikapangisha. Kimoja anakaa msichana wa bara, anafanya kazi hotelini Diani, anaongea ile lugha yenu ya vijana wa Ukunda. Jana alinijia jikoni, akasimama anazungusha simu mkononi.

"Mathe, niaje, poa? Nimekam kuuliza tu. Hiyo lock ya mlango yangu, kama imelegea, inakuwanga kawaida?"

"Tangu lini?"

"Si kitambo. Nimekuwa naweka kiti nyuma yake usiku."

Kiti nyuma ya mlango. Nami ndiye mwenye nyumba, nilikuwa nimekaa hapa na saa yangu ukutani. Sikumaliza kuosha kikombe. Nilikwenda dukani mwenyewe, nikanunua kitasa na komeo jipya, nikatafuta bisibisi. Jua lilikuwa bado liko juu nilipofika mlangoni kwake na vitu vyangu mkononi. Funguo za akiba za vyumba vyote ninazo, zilikuwa kiunoni. Nikabisha hodi.

"Nani?" akauliza kutoka ndani.

"Mwenye nyumba," nikasema, nikangoja.